Samaki Aliyekataa Kukunjika

Siku familia yetu ilipoketi kujadili habari ya mimi kuacha chuo, mjomba alisema sentensi moja tu. Wengine waliongea karibu saa mbili. Mama alitaja karo iliyolipwa miaka miwili. Shangazi akataja maombi. Binamu yangu aliyeajiriwa juzi tu akazungumzia soko la ajira kana kwamba ndiye aliyelifungua. Mjomba alingoja chai iishe kwenye kikombe, akakitua mezani, akasema: "Samaki mkunje angali mbichi. Huyu tulichelewa."

Watu walicheka kidogo. Nami nilicheka, maana usipocheka kwenye kikao kama kile utalia. Lakini methali ile ilinikaa. Nimeijua tangu darasa la nne na nimeitumia kwenye insha sijui mara ngapi, na sikuwahi kujiuliza swali la kijinga lililonijia usiku huo nikiwa nimelala kwenye kochi: kwani kuna mtu amewahi kujaribu? Simaanishi samaki wa kukaanga. Samaki aliye hai, anayeogelea na kujua anakokwenda. Ukimkunja huyo, anakunjika?

Kumbe wako waliojaribu, na kazi hiyo imechukua zaidi ya karne moja. Walimkunja kupitia jicho, kwa sababu jicho ndilo usukani wa samaki wengi. Hii ni hadithi ya majaribio hayo, na ya ubishi uliozuka: kiumbe huzaliwa na njia zake tayari, au njia huchorwa na maisha?

*

Tuanze na fumbo dogo. Maji ya mto humsukuma samaki kuelekea chini usiku na mchana. Mbona basi samaki wa Mto Tana hawajaishia wote Bahari ya Hindi?

Jibu la haraka ni kwamba samaki huhisi maji yakimsukuma, naye akasukuma kinyume. Jibu hilo lina shida. Fikiria uko kwenye basi la usiku kwenda Mombasa. Pazia limefungwa, barabara ni laini, dereva hakanyagi breki. Huwezi kujua kama mnakwenda au mmesimama, mpaka uchungulie dirishani uone taa za Voi zikipita. Samaki aliyebebwa na maji yuko hivyo hivyo: maji yote yanayomzunguka yanakwenda naye kwa mwendo mmoja. Asipoona kitu kilichosimama, hana cha kumwambia kwamba anachukuliwa.

Mwaka 1904 mtafiti wa Marekani, E. P. Lyon, alionyesha kwamba mara nyingi kinachomsaidia samaki ni jicho. Akiona chini ya mto au kingo zikipita, anaogelea ili mandhari ile isimame. Baadaye watafiti walirahisisha jaribio hilo hadi likawa la kawaida maabarani. Chukua chombo cha kioo chenye maji yaliyotulia, kizungushie pipa lililochorwa mistari myeusi na myeupe, kisha zungusha pipa. Maji hayaendi popote, lakini samaki huifuata mistari. Anadhani anachukuliwa na mkondo, naye anakataa kuchukuliwa.

Kwa hiyo kuna njia inayotoka kwenye jicho hadi kwenye mkia, na inafanya kazi haraka bila majadiliano. Nyuma ya jicho kuna retina, utando unaopokea mwanga. Kutoka hapo nyuzi nyingi hukusanyika kuwa neva moja nene. Kwa samaki, neva ya jicho la kushoto huvuka hadi upande wa kulia wa ubongo, na ya kulia huvuka kwenda kushoto. Nyingi ya nyuzi hizo hutua mahali panapoitwa tektamu, neno la Kilatini lenye maana ya paa. Ukiutazama ubongo wa samaki kutoka juu, tektamu ni yale matuta mawili ya katikati.

Nyuzi hizo hazitui ovyo. Zile zinazotoka sehemu jirani kwenye retina hutua zikiwa jirani kwenye tektamu, kwa hiyo juu ya paa hilo kunatandazwa ramani ya kile jicho linachokiona: mbele na nyuma, juu na chini. Swali lililowagawanya watu ni hili: nani aliichora ramani hiyo?

*

Chicago, mwishoni mwa miaka ya 1930. Katika chuo kikuu cha huko alikuwepo mwanabiolojia mzaliwa wa Vienna, Paul Weiss, aliyekuwa na jina kubwa kwenye fani hiyo. Kwa mtazamo wake, neva inapokua haichagui sana inakokwenda. Huunganika na chochote inachokuta, kisha mfumo mzima unajipanga wenyewe kwa kazi. Wazo hilo lilipendwa, na ukiangalia ni wazo la matumaini: hakuna aliyefungwa na jinsi alivyoumbwa, mazoezi yatamnyoosha. Mjomba wangu angelipigia makofi.

Weiss alikuwa na mwanafunzi wa shahada ya uzamifu, Roger Sperry, aliyezaliwa mwaka 1913 huko Hartford, Connecticut. Shahada yake ya kwanza, aliyoipata mwaka 1935, ilikuwa ya fasihi ya Kiingereza. Akahamia saikolojia, halafu zoolojia. Naomba jamaa zangu wote wasome hapo mara mbili. Nakiri kwamba Sperry hakuacha chuo, lakini alizunguka.

Sperry akaanza kupima imani ya mwalimu wake. Aliwabadilishia panya neva za miguu ya nyuma, ya kulia ikapelekwa kushoto na ya kushoto kulia. Unyayo wa kulia ukiumizwa, panya aliinua mguu wa kushoto, uliokuwa salama, akaacha ule unaouma palepale. Aliendelea hivyo bila kujirekebisha.

Jambo hilo halikuwa mchezo wa maabara tu. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimeanza na askari walikuwa wakirudi na neva zilizokatika. Kulikuwa na madaktari walioamini kwamba ukiunganisha neva na msuli mwingine, mgonjwa akifanya mazoezi ya kutosha, ubongo utaelewa kazi mpya. Sperry aliingizwa kwenye mradi wa kijeshi wa kutafiti majeraha hayo. Fikiria mtu amepigwa risasi, anaamka kila asubuhi kufanya mazoezi ambayo hayatamsaidia kamwe, na akishindwa anaambiwa hajajitahidi.

Kutoka panya Sperry akahamia macho. Mwaka 1943 alichapisha kazi yake juu ya newti, kiumbe wa majini mwenye umbo la mjusi na ngozi ya chura. Alilegeza jicho na kuligeuza nyuzi 180 ndani ya tundu lake, kisha akaliacha lipone. Juu ikawa chini, mbele ikawa nyuma. Chakula kikiletwa juu ya kichwa, newti alijitupa chini. Kikiletwa mbele, aligeuka nyuma. Hakujifunza. Angeweza kufa njaa huku chakula kikiwa juu ya pua yake.

Halafu akafanya kitu kigumu zaidi. Newti, chura na samaki wana kipaji ambacho sisi hatuna: neva ya jicho ikikatwa, huota tena na kuona kunarudi. Sperry aliikata neva na papo hapo akaligeuza jicho. Kama Weiss ana haki, nyuzi zinazoota upya zina nafasi ya kujipanga kulingana na hali mpya, kwa kuwa zinaanza moja. Lakini nyuzi zilirudi kule kule zilikotoka, na mnyama akaendelea kuona dunia kinyume. Chura alimwona nzi juu, akapiga ulimi chini.

*

Jaribio ambalo sikuweza kulisahau ni la bunju. Watu wa Pwani wanamjua: yule samaki anayejijaza maji akiogopa hadi anakuwa kama mpira. Sperry alitumia aina moja ya bunju wa bahari ya Atlantiki, na makala yake ilitoka mwaka 1950. Alimgeuza jicho moja juu chini, na jicho la pili likazuiwa lisione. Akamrudisha majini.

Bunju akaanza kuzunguka, na hakuacha.

Ili kuelewa kwa nini, jaribu kitu hiki, polepole. Fumba jicho moja, na lile lililo wazi libonyeze pembeni kwa kidole, juu ya kope. Unaona dunia inacheza? Sasa toa kidole, tazama kushoto, tazama kulia. Jicho limesogea zaidi ya pale, lakini dunia imetulia. Tofauti iko wapi? Unaposogeza jicho mwenyewe, ubongo unajua, kwa kuwa ndio uliotoa amri. Kidole kikisukuma, hakuna amri iliyotolewa, kwa hiyo ubongo unaona dunia ndiyo imesogea.

Sperry alipendekeza kwamba ubongo unapotuma amri kwa misuli, hutuma pia nakala ya amri hiyo kwenye sehemu zinazoona. Nakala inasema: nageuka kushoto, kwa hiyo tarajieni mandhari isogee kulia. Mandhari ikisogea kulia sawasawa, hesabu inafutana na samaki anajua dunia imetulia. Kwa bunju mwenye jicho lililopinduliwa, hesabu inakwenda kombo. Anageuka kidogo kushoto, na mandhari kwenye jicho inasogea kushoto pia. Badala ya kufutana, hesabu inaongezeka maradufu. Ubongo unasema: dunia inatukimbia kushoto, ifuate. Anageuka zaidi, dunia inakimbia zaidi. Anaifukuza dunia ambayo haijaenda popote.

Sperry alitafuta mahali ubishi huo unapotokea, akiondoa sehemu moja ya mfumo baada ya nyingine. Samaki aliacha kuzunguka pale tu ulipoondolewa upande wa tektamu unaopokea habari za jicho lililopinduliwa. Mwaka huo huo wa 1950, huko Ujerumani, Erich von Holst na Horst Mittelstaedt walichapisha wazo linalofanana sana, wao wakiwa wamefika hapo kwa kugeuza kichwa cha nzi.

Nilipofika hapa kwenye kusoma, nilifunga simu kwa muda. Ni rahisi kuandika "aliondoa sehemu" ukiwa umekaa na chai. Yule bunju hakufanya kosa lolote. Kila hatua aliyoipiga ilikuwa sahihi kwa kile jicho lilichomwambia.

*

Mwaka 1963 Sperry na Domenica Attardi walichapisha ushahidi uliokuja kuwa maarufu, safari hii kwa samaki wa dhahabu, wale wa kwenye vioo. Waliharibu nusu ya retina na kukata neva, wakangoja iote. Nyuzi za nusu iliyobaki zilipofika kwenye tektamu, zilikuta viwanja vingi vitupu. Hazikutua. Zilivipita hadi zikafika pale pale zilipostahili. Mwaka huo Sperry aliandika kwamba kila uzi hubeba alama ya kikemikali inayoutambulisha na kuuongoza. Miaka ya 1990 ndipo molekuli za kazi hiyo zilipopatikana, zikiwemo zile zinazoitwa efrini. Kwa upande huu mwanafunzi alikuwa amemshinda mwalimu.

Ingeishia hapo, methali ya mjomba ingekuwa imeanguka kabisa: samaki hakunjiki, hata akiwa mbichi vipi. Lakini mwaka 1970 R. M. Gaze na S. C. Sharma waliuliza swali kinyume. Badala ya kupunguza retina, walipunguza tektamu ya samaki wa dhahabu, wakaacha neva ikose nafasi. Kama kila uzi una anwani moja isiyobadilika, zile zilizopoteza anwani zingebaki bila makao. Badala yake ramani nzima ilianza kujibana kwenye kipande kilichobaki. Ni kama familia ya watu wanane iliyohamia bedsita: kila mtu bado analala upande wake, ila wamesogeana.

Kwa hiyo alama zipo, lakini hazisomwi kama nambari ya nyumba. Zinasema "mimi ni wa mbele zaidi yako", halafu wenye alama wanagawana nafasi iliyopo.

*

Sasa turudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna mtu nilimruka. Mwaka 1951, mwaka mmoja tu baada ya bunju, Lester Aronson wa makumbusho ya historia asilia ya New York alichapisha kazi aliyoifanya Bimini, kisiwa cha Bahamas. Alikuwa akimwangalia samaki mdogo anayeitwa Bathygobius soporator, anayeishi kwenye vidimbwi vya mawe ufukweni.

Aliyewahi kutembea kwenye mwamba maji yakiwa yamekupwa anavijua vidimbwi vya aina hiyo. Maji yakitoka, samaki anabaki amefungiwa kwenye beseni la mwamba. Akitishwa, huyu wa Bimini huruka na kutua kwenye kidimbwi cha jirani. Akitishwa tena huruka tena, na anaweza kwenda hivyo kidimbwi hadi kidimbwi mpaka afike baharini. Akiwa ndani ya maji hawezi kukiona kidimbwi kinachofuata. Akikosea anaanguka kwenye mwamba mkavu wenye jua kali. Hakosei mara nyingi.

Aronson alijiuliza amejuaje. Baadaye alitengeneza vidimbwi vyake mwenyewe, ambavyo angeweza kuvijaza na kuvikausha. Samaki wapya waliowekwa maji yakiwa yamekupwa hawakujua waruke wapi. Walioachwa waogelee juu ya vidimbwi usiku mmoja, maji yakiwa yamejaa, waliruka sawasawa. Maji yalipokuwa juu walikuwa wakipita juu ya mabonde na matuta yale, wakiyakariri. Na waliendelea kuyakumbuka kwa zaidi ya mwezi mmoja bila kurudia somo.

Usiku mmoja! Huku newti na bunju hawakuweza kujirekebisha hata wakipewa siku ngapi.

Mambo haya mawili yalikaa kando kando kwa miaka mingi bila kukutanishwa vizuri. Wengi walimchukulia samaki kama mashine ya kuitikia mistari, na mtaani bado tunarudia ile hadithi ya kumbukumbu ya sekunde tatu. Katika miaka ya 1990, kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Sevilla, Hispania, wakiwemo Fernando Rodríguez na Cosme Salas, likawafunza samaki wa dhahabu kutafuta chakula kwenye vijia vilivyozungukwa na vitu vya kuonekana chumbani. Samaki waliofunzwa mahali, wakianzishwa upande ambao hawajawahi kuanzia, walitafuta njia mpya hadi pale pale. Walikuwa na picha ya chumba kichwani.

Picha hiyo haikai kwenye tektamu pekee. Kundi hilo lilipoharibu sehemu fulani ya ubongo wa mbele, samaki walisahau mahali, lakini bado waliweza kufuata alama iliyowekwa waziwazi mbele yao. Yaani jicho ni lile lile, ila kinachoingia kinapelekwa ofisi mbili. Moja inajibu papo hapo: mandhari inakimbia, ifuate, kitu kiko juu, ruka juu. Hiyo ndiyo iliyomzungusha bunju. Nyingine inakusanya polepole na kuhifadhi: kidimbwi kikubwa kiko nyuma ya kile kidogo.

*

Ili kuziona ofisi hizo zikifanya kazi alihitajika samaki unayeweza kumwona hadi ndani. Alipatikana kwa sababu ya mtoto wa Budapest, George Streisinger, aliyezaliwa mwaka 1927 na ambaye familia yake ilihamia Marekani kuwakimbia Wanazi. Akiwa Chuo Kikuu cha Oregon, Streisinger alimchagua samaki mdogo wa Asia ya Kusini mwenye milia ubavuni, anayeuzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Kifaranga cha samaki-milia ni angavu kama kioo. Makala yake kubwa ilitoka mwaka 1981, mwaka ule ule Sperry alipopata Tuzo ya Nobel, ingawa tuzo ilikuwa ya kazi yake juu ya pande mbili za ubongo wa binadamu.

Mwaka 1996 makundi ya Tübingen, Ujerumani, na Boston, Marekani, yalichapisha kwa mpigo mamia ya aina za samaki-milia wenye mabadiliko ya kijeni. Mmoja aliitwa belladonna. Kwa baadhi ya samaki hao, neva za macho hazivuki. Ya kushoto inabaki kushoto. Wakionyeshwa mistari inayokwenda upande mmoja, macho yao hufuata upande wa pili. Na wengine wao, wakiachwa tu kwenye maji, huzunguka. Ni bunju wa Sperry yule yule, ila hakuna aliyemshika kisu. Watafiti huwatumia samaki hawa kuelewa kwa nini watu wengine huzaliwa na macho yanayochezacheza yenyewe. Watu wengi wenye ualbino wana macho ya namna hiyo, na nyuzi za macho yao pia huvuka kwa namna isiyo ya kawaida. Kama ulisoma na mtoto wa aina hiyo na mwalimu akawa anamwambia atulize macho, sasa unajua alikuwa anaombwa nini.

Mwaka 2012 Misha Ahrens na wenzake walichapisha jaribio ambalo, kwangu, liliwakutanisha Sperry na Weiss mezani. Walichukua vifaranga vya samaki-milia vyenye umri wa wiki moja hivi, wakavilegeza misuli visiweze kusogea, kisha wakanasa amri za kuogelea zinazotoka kwenye ubongo. Kompyuta ilizisoma amri hizo na kusogeza mistari chini ya samaki, kana kwamba anaogelea kweli. Halafu wakapunguza malipo: amri ile ile, mistari inasogea kidogo tu. Samaki akaongeza nguvu. Wakazidisha malipo, akapunguza. Alikuwa anajifunza kutoka kwa jicho lake, papo hapo. Sperry alipindua mwelekeo, na mwelekeo ulikataa. Ahrens alibadilisha kiasi, na kiasi kilikubali.

Mwaka uliofuata, akiwa na Philipp Keller, Ahrens alionyesha ubongo wote wa kifaranga kama huyo, wenye takriban seli 100,000 za neva, ukirekodiwa karibu wote kila baada ya sekunde 1.3 hivi, seli moja moja. Watafiti wengine wamefuata njia ya kuhisi mandhari inayokimbia hadi kwenye eneo dogo lililo mbele kidogo ya tektamu, na kutoka huko hadi kwenye seli zinazoongoza mkia.

Na kama bado unaamini sekunde tatu: mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israeli, walichapisha habari za samaki sita wa dhahabu waliofunzwa kuendesha gari. Tangi la maji liliwekwa juu ya magurudumu, kamera ikatazama samaki ameelekea wapi, na gari likaenda huko. Walijifunza kulifikisha kwenye ubao wa rangi ya waridi ili wapewe chakula, hata walipoanzia sehemu tofauti za chumba. Mimi mwenyewe sina leseni.

*

Mwezi uliopita nilimtembelea mjomba. Ana bwawa la tilapia nyuma ya nyumba, lililochimbwa enzi zile za mpango wa serikali wa mabwawa, 2009. Majirani zake wengi waliyafukia yao wakapanda nduma. Yeye aliendelea.

Tulipokaribia, kabla hata hajafungua mkebe wa chakula, maji ya pembe moja yalianza kuchemka kwa samaki. "Wananijua," alisema. Nikamsimulia habari za bunju, kwa kifupi, na za yule wa vidimbwini. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo si kawaida yake.

"Kwa hivyo huyo wa kwanza hakukunjika."

"Hakukunjika, mjomba."

"Na huyo mwingine alikunjwa na nani?"

"Hakuna mtu. Maji yalijaa, akazunguka mwenyewe."

Alinyamaza. Halafu akazunguka bwawa hadi pembe ya mbali, akatupa chakula huko. Samaki walibaki wamejazana kwenye pembe ya zamani, midomo juu, wakingoja. Ilichukua muda kabla wachache hawajagundua.

"Nitawalishia hapa sasa," alisema. "Wewe rudi baada ya wiki mbili."

Nilirudi. Tulipotokea nyuma ya jiko, maji yalianza kuchemka kwenye pembe ya mbali. Mjomba hakutoa methali. Alinipa mkebe, akaenda kumwita mama aje aone.